Sabufa inanuka? Shika mita kabla hujalilaumu duka

Koili ya sabufa, yaani waya wa ndani wa spika ya besi, ikiungua ina harufu yake. Ni gundi na vanishi zilizopikwa pamoja, na hukaa kwenye vitambaa vya viti muda mrefu kuliko hasira ya mwenye gari. Vijana wanaoniletea magari hapa Ilala yakiwa na harufu hiyo huwa wameshatoa hukumu njiani: "Mzee, nimepigwa, spika feki hii." Wapo waliopigwa kweli. Ila nikifungua buti, mara nyingi nakuta spika ya heshima kabisa, iliyopikwa na amplifaya ambayo tangu ifungwe haijawahi kuguswa na mita. Geni, kile kitufe cha GAIN kwenye amplifaya, imezungushwa mpaka mwisho, BASS BOOST ya kuongeza besi mpaka mwisho, na ukiuliza nani alipanga unaambiwa, "Kuna dogo mmoja mtaani, ana sikio la besi balaa."

Sikio la besi ni zuri kwa kuchagua wimbo. Kwa kupanga amplifaya halifai, kwa sababu sabufa hukwaruza kimyakimya. Spika za mlangoni zikizidiwa utasikia sauti ya mwimbaji inapasuka, utapunguza mwenyewe. Sabufa ikizidiwa inatoa mngurumo uleule, mzito kidogo, na abiria anakwambia "hapo sasa!" Huku koili inabadilika rangi.

Kwa hiyo hapa tunafanya kazi kwa mita. Unahitaji mita ya kawaida ya dijitali, hata ile ya bei ya chini ya Gerezani, bisibisi ndogo bapa, kikokotoo cha simu, na flashi yenye faili moja la sauti ambalo nitakueleza baadaye.

Joto linazaliwa wapi

Spika ni kifaa kivivu. Ukiipelekea wati 100, sauti inayotoka ni kama wati 1, au 2 hadi 3 kwa spika nzuri. Zilizobaki zote zinageuka joto, na joto hilo halisambai kwenye koni, ile sehemu ya mbele inayocheza, wala kwenye boksi. Linazaliwa ndani ya koili, ule waya mwembamba uliozungushwa kwenye mrija nyuma ya koni, umekaa kwenye nafasi finyu katikati ya vyuma vya sumaku. Wati 500 mfululizo ni sawa na kuchukua nusu ya pasi ya umeme ukaifungia humo. Pasi unaiinua kutoka kwenye shati, koili haina pa kwenda.

Kinachoipooza ni hewa inayosukumwa koni ikicheza, na chuma cha sumaku kinachonyonya joto taratibu. Koili yenyewe hupata moto ndani ya sekunde. Sumaku huchukua nusu saa au zaidi kupata moto, na ikishapata, koili haina tena wa kumpa joto lake. Ndiyo maana spika nyingi haziungui wimbo wa kwanza. Zinaungua kwenye foleni ya Barabara ya Mandela saa kumi na mbili jioni, mtu ana saa nzima anapiga kwa sauti ileile.

Kuna mtego hapa ambao nataka uuelewe vizuri kuliko kitu kingine chochote. Shaba ikipata joto, ukinzani wake unaongezeka, karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja. Koili ikipanda nyuzi 250, ukinzani unakaribia kuwa mara mbili, kwa hiyo amplifaya ileile kwenye geni ileile inaingiza nusu tu ya wati. Besi inapungua. Dereva anafanya nini? Anaongeza sauti. Kijana mmoja mwenye Noah alinijia na shida hiyohiyo.

"Shikamoo mzee. Besi inaanza vizuri, baada ya muda inakata pumzi. Niongezee geni kidogo."

"Marahaba. Haijakata pumzi, mwanangu, imepata homa. Zima dakika kumi uone kama hairudi."

"Nikizima dakika kumi, si gari linakuwa kama la msiba?"

Alizima, ikarudi. Basi hapo ndipo tulipoanza kuongea lugha moja.

Jambo la pili ni kukatwa kwa wimbi. Umeme wa muziki hupanda na kushuka kwa mviringo. Amplifaya ina mwisho wa volti inazoweza kutoa, na ukiidai zaidi, wimbi linakatwa kichwa na miguu, linakuwa na bapa juu na bapa chini. Mafundi tunasema inaklipu. Wimbi la mviringo lenye kilele fulani, na wimbi lililokatwa mpaka likawa mraba lenye kilele kilekile, hayabebi nguvu sawa: la mraba linabeba mara mbili. Kwa hiyo amplifaya ya wati 300 za kweli, ukiisukuma mpaka mwisho, inaweza kumwaga karibu wati 600 kwenye koili, wakati koni haichezi zaidi ya mwanzo ili kuipooza.

Hapo ndipo ulipotoka ule msemo wa vijiweni kwamba amplifaya ndogo inaua spika kubwa. Udogo hauui. Amplifaya ya wati 100, iklipu inavyotaka, haifiki wati 200, na sabufa ya wati 500 itaicheka. Kinachoua ni wastani wa wati kwa muda mrefu, zitoke kwa amplifaya ndogo iliyobanwa au kwa kubwa iliyoachiwa.

Na muziki wenyewe una mchango. Taarabu au zilipendwa, besi inapigwa noti, inanyamaza, koili inapumua. Amapiano ile besi inavutwa ndefu, na singeli inakimbia kiasi kwamba hakuna nafasi kati ya pigo na pigo. Mtu anayepiga singeli kutwa nzima ahesabu kwamba spika yake inafanya kazi ngumu kuliko ya jirani mwenye amplifaya ileile. Sisemi usipige, nasema upange ukijua.

Wati za kwenye boksi na wati za fyuzi

Namba kubwa iliyochapishwa kwenye boksi la amplifaya usiitumie kwa lolote. Tafuta iliyoandikwa RMS, yaani wati za mfululizo. Kama haipo, au huiamini, angalia fyuzi zilizochomekwa ubavuni mwa amplifaya. Zidisha ampea zake zote kwa volti 13.8, upate wati zinazoweza kuingia. Za kutoka ni pungufu: amplifaya ya daraja D (Class D) hutoa kama asilimia 80 ya kilichoingia, ya daraja AB hutoa kama 55.

Mfano, amplifaya imeandikwa wati 3000 na ina fyuzi moja ya ampea 30. Thelathini mara 13.8 ni wati 414. Ikiwa ni daraja D, zinatoka kama 330. Ikiwa ni AB, kama 230. Hizo 3000 ni za karatasi.

Fanya vivyo hivyo kwa sabufa: soma RMS nyuma ya sumaku au kwenye kijitabu, si MAX wala PEAK. Halafu linganisha. Mimi napenda amplifaya iwe na nguvu kuzidi kidogo spika, kwa sababu nitaipunguza kwa geni na itafanya kazi bila kubanwa. Wengi wanaogopa mpangilio huo. Kwangu ni salama kuliko amplifaya dhaifu inayokimbizwa mpaka mwisho kila siku.

Omu: hesabu kabla ya kubana skrubu

Omu ni kipimo cha ukinzani. Sabufa nyingi za sasa zina koili mbili. Yenye koili mbili za omu 4, ukiunganisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, amplifaya inaona omu 2. Ukiunganisha kwa mfululizo, inaona 8. Sabufa mbili za aina hiyo, koili zote nne sambamba, ni omu 1. Koili mbili za omu 2 zinakupa 1 au 4.

Ukishapata jibu, soma kwenye amplifaya kiwango cha chini inachoruhusu. Ya chaneli mbili ikiunganishwa kwa daraja (bridge), yaani chanya ya kushoto na hasi ya kulia, mara nyingi mwisho wake ni omu 4, hata kama kila chaneli pekee yake inakubali 2. Ukiipa chini ya hapo, inavuta umeme kupita kiasi, inachemka, inajizima na kuwasha taa nyekundu. Kuna mafundi wanaojua kuirukia hiyo kinga ili isijizime. Fundi akikwambia hivyo, chukua gari lako ondoka.

Umeme na hewa

Sitakaa sana hapa, lakini bila hapa kazi ya geni haina maana. Amplifaya inayotoa wati 500 kwa daraja D inavuta kama ampea 45 muziki ukiwa juu. Kwa gari dogo ambalo alternata yake ni ya ampea 70 hadi 100, na hapo kuna AC, taa na feni, unaona kwamba nafasi si kubwa.

Waya wa umeme uwe namba 4 wa shaba tupu kwa wati hizo (namba ikiwa ndogo waya ni mnene). Nyaya nyingi zinazouzwa na seti ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu, ukiwa mweupe ndani umeshajua. Hiyo nayo inafaa, ila inabidi unene upande, namba 4 yake inafanya kazi kama namba 6 ya shaba. Fyuzi kuu ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, kwa sababu kinacholindwa ni waya unaopita chini ya kapeti, na waya huo ukichubuka gari linawaka moto. Hasi iwe fupi, ifungwe kwenye bati la bodi lililosuguliwa kwa msasa mpaka ling'ae, si kwenye boliti ya mkanda wa usalama.

Pima hivi: washa injini, piga muziki kwa nguvu, weka mita kwenye volti za DC, gusa chanya na hasi za amplifaya yenyewe. Injini ikiwaka betri inapaswa kuonyesha kati ya 13.8 na 14.4 kwa magari mengi. Ukisoma 13 na ushee kwenye amplifaya uko vizuri. Ukisoma chini ya 12.5 kila besi ikigonga, usiende kwenye geni, rudi kwenye nyaya. Weka ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye hasi ya amplifaya: muziki ukiwa juu isizidi volti 0.2. Ikizidi, bati halikusuguliwa vizuri. Volti zikishuka wimbi linakatwa mapema, na geni uliyoipanga asubuhi inakuwa uongo jioni.

Amplifaya yenyewe usiifunike kapeti, usiigeuze kifudifudi chini ya rafu ya nyuma, na usiipige skrubu kwenye boksi la sabufa, maana mtikisiko unalegeza solda ndani. Iachie nafasi ya vidole vitatu kila upande. Gari likishinda juani hapa Dar mwezi wa pili, fungua vioo, piga kwa sauti ya chini dakika kama kumi kwanza. Koili inayoanzia kwenye joto la buti lililooka haina akiba kubwa.

Geni kwa mita

Sasa tufike penyewe. Geni si kitufe cha sauti. Kazi yake ni kuifahamisha amplifaya volti ngapi zinakuja kutoka kwenye redio, ili redio ikifika mwisho wake safi, amplifaya nayo ifike mwisho uliouchagua wewe. Ukiizungusha hadi kikomo, ina maana redio ikifika robo tu ya sauti amplifaya iko kwenye kilele, na robo tatu zilizobaki ni kuklipu tupu.

Kwanza tafuta faili la toni ya hezi 50, ujazo wa desibeli sifuri (hicho ndicho kilele cha rekodi, si ukimya), uweke kwenye flashi. Kwa nini 50? Kwa sababu umeme wa TANESCO ni hezi 50, na hata mita ya bei rahisi imetengenezwa kusoma vizuri volti za AC, yaani za umeme unaopanda na kushuka, za namna hiyo. Flashi ni bora kuliko Bluetooth, maana simu nayo ina sauti yake na madoido yake ya besi, utapima vitu viwili kwa wakati mmoja.

Kwenye redio, rudisha kila kitu katikati: besi sifuri, trebo sifuri, LOUD zima, madoido zima, kiwango cha sabufa sifuri. Hapa kuna jambo la magari yetu. Mengi yametoka Japani na redio inayoishia karibu na FM 90, haifiki stesheni nyingi za kwetu, kwa hiyo yanafungwa redio za Android. Redio nyingi za namna hiyo hazina nguvu kwenye matundu ya RCA, yale yanayopeleka sauti kwenye amplifaya, na zenyewe huanza kukata wimbi kabla hata ya kufika mwisho. Chomoa RCA kwenye amplifaya, gusa kwa mita ya AC pini ya katikati na kikombe cha nje, piga toni, ongeza sauti hatua kwa hatua. Namba itapanda vizuri, halafu kuna hatua ambapo inaanza kusuasua. Sauti ikiwa ya hatua 40, huenda ikasuasua kwenye 33 au 34. Basi mwisho wako ni 30, na dereva yeyote wa gari hilo aambiwe hivyo. Kipimo hiki kinachukua dakika mbili, na ni wachache wanaokifanya, wakati redio iliyokatwa wimbi hakuna geni itakayoisafisha.

Kisha, kwenye amplifaya: rudisha RCA, geni iwe chini kabisa, BASS BOOST sifuri, LPF, kichujio kinachopitisha besi na kuzuia sauti za juu, ifunguliwe mpaka juu ili isiikate toni yako, na kama kuna kirimoti cha besi cha dashibodi kizungushwe mpaka mwisho. Hicho cha kirimoti ni muhimu. Ukipanga geni kikiwa katikati, siku mtu akikimaliza amevuruga hesabu yako yote. Chomoa nyaya za sabufa. Usipime na spika ikiwa imeunganishwa, maana toni ya mfululizo ni mateso yenyewe.

Hesabu sasa ni hii: zidisha wati unazotaka kwa omu, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, hiyo ndiyo volti unayoitafuta. Tuseme sabufa yako ni RMS 300, imeungwa kwa omu 2. Mia tatu mara 2 ni 600, kipeuo chake ni 24.5. Kwa omu 4 ingekuwa 34.6. Wati 500 kwa omu 1 ni volti 22.4, kwa omu 2 ni 31.6, kwa omu 4 ni 44.7.

Mimi siendi kwenye namba kamili. Kwa sabufa ya 300 ninahesabu 250, yaani volti 22.4 kwa omu 2. Umepoteza desibeli 0.8, tofauti ambayo hakuna sikio la mtaani litaikamata hata kwa kubisha, lakini umeiondolea koili wati 50 za joto. Mtu wa singeli kutwa namshusha mpaka 200, yaani volti 20. Bado hajalalamika.

Washa injini, gari likiwa nje, si ndani ya banda. Mita kwenye AC, kipimo cha 200. Ncha kwenye matundu ya spika ya amplifaya. Redio kwenye ile 30. Zungusha geni taratibu kwa bisibisi mpaka usome namba yako, acha. Mara nyingi utashangaa kwamba kitufe hakijafika hata nusu. Mwenye gari naye atashangaa, atadai umembania. Mwache asikilize.

Ikitokea unazungusha na namba inasuasua kabla haijafika, amplifaya yako haina hizo wati. Rudi nyuma mpaka pale namba ilipokuwa ikipanda vizuri, halafu shuka kidogo tena, kwa sababu bila spika amplifaya inaonekana ina nguvu kuliko itakavyokuwa ikibebeshwa mzigo. Mwenye oskiloskopu ndogo ya mkononi ataona wimbi lenyewe kwa macho, na ningeshauri kila fundi anayelipwa kwa kazi hii awe nayo. Kwa mwenye gari mmoja, mita inatosha.

Vile vitufe vingine

BASS BOOST ndiyo muuaji mkuu, hata kuliko geni. Desibeli 3 ni mara mbili ya wati. Desibeli 6 ni mara nne. Ile ya 12 ambayo vijana wanaipenda ni mara kumi na sita. Pale wimbo ulipokuwa unaomba wati 50, sasa unaomba 800, na amplifaya haina, kwa hiyo inaklipu. Iache sifuri. Kama huwezi kuishi bila hiyo, weka 3, lakini uiweke kabla ya kupima geni, toni ya hezi 50 ikipita humohumo, ili mita ihesabu na hiyo nyongeza. Hilo linahusu pia kuongeza besi kwenye redio baada ya kazi kuisha, ni BASS BOOST iliyobadilisha jina.

LPF irudishe kwenye hezi 80. Imetosha.

SUBSONIC, kichujio kinachokata besi za chini mno, ina maana kwa boksi lenye tundu. Chini ya hezi ambazo tundu limepangiwa, koni haina hewa ya kuizuia, inarushwa ovyo, unapoteza umeme kwa sauti ambayo husikii. Tatizo ni kwamba maboksi mengi yanachongwa na seremala kwa kukadiria, hata yeye hajui tundu limeangukia hezi ngapi. Utajua hivi: kwa sauti ya chini, piga toni moja moja kuanzia hezi 50 kushuka mpaka 25. Kuna moja ambayo koni itatulia karibu isimame huku tundu likipuliza upepo mwingi. Hapo ndipo. Ikiwa ni 36, weka SUBSONIC kwenye 28 hadi 30. Boksi lililozibwa halina shida hiyo, ingawa joto lake linakaa ndani, kwa hiyo usilijaze sponji mpaka tundu la nyuma ya sumaku likazibwa.

Kuipima homa ya koili

Unakumbuka shaba ikipata moto ukinzani unapanda? Basi koili yenyewe ni kipimajoto, na mita unayo mkononi.

Asubuhi, kila kitu kikiwa baridi, chomoa koili moja, pima omu zake. Ya omu 4 husoma kama 3.2 hadi 3.8, usiogope. Kabla ya hapo gusanisha ncha za mita, uone zenyewe zinasoma ngapi, maana za bei rahisi zina 0.2 au 0.3 zake, uzitoe. Andika namba. Kisha endesha siku yako kama kawaida. Baada ya nusu saa ya muziki wa nguvu, zima, chomoa harakaharaka, pima tena palepale. Haraka, kwa sababu koili hupoa ndani ya sekunde.

Tuseme baridi ilikuwa 3.4, sasa ni 4.4. Gawa ya moto kwa ya baridi, unapata 1.29. Toa 1, gawa kwa 0.0039: ni kama nyuzi 75 juu ya ilivyoanza. Ikiwa asubuhi ilikuwa nyuzi 28, koili iko zaidi ya 100, na pengine ilikuwa juu kuliko hapo kabla hujachomoa. Kwa koili ya gari hiyo ni kazi ya kawaida. Ukipata 1.4 na kuendelea, shusha geni. Usisubiri harufu.

Namba ikisoma kinyume, yaani koili ya omu 4 inasoma 1 au 2 ikiwa baridi, vanishi imeshaungua na mizunguko inagusana. Isiposoma kabisa, waya umekatika. Sukuma koni taratibu kwa vidole vilivyotandazwa sawa pande zote: ikikwaruza, mrija umepinda kwa joto. Spika ya namna hiyo usiiunganishe tena kwa kujaribu, maana koili iliyogusana inashusha omu na itaondoka na amplifaya. Sabufa za bei ya juu zinaweza kufungwa koili na koni mpya. Za bei ya chini, gharama ya kufunga inakaribia ya kununua, na sitakushawishi vinginevyo hata kama kazi ni yangu.

Geni ikishakaa sawa, naipaka tone la rangi ya kucha, nusu kwenye kitufe, nusu kwenye bodi ya amplifaya. Vijana wa kuosha magari wana mikono mirefu, na mashemeji wanaoazima gari wana mirefu zaidi. Tone likipasuka, umejua kuna aliyepita. Na siku ukibadilisha redio, spika, boksi au namna koili zilivyoungwa, kwangua hiyo rangi uanze na mita upya.